Padre Cecil Majaliwa na Nyumba ya Udongo ya Chitangali

Katika siku hizi za Yubile tunasimulia habari za wazee wetu, na mara nyingi masimulizi huanza na majengo: kanisa kuu la Masasi, shule ya Chidya, hospitali ya Mkomaindo. Hayo ni majengo ya kudumu, na kila apitaye njiani huyaona. Lakini iko nyumba moja ambayo haionekani tena, nayo yastahili kutajwa pamoja na hayo yote. Ilikuwa nyumba ya Mwafrika wa kwanza kufanywa padre katika Misheni ya Vyuo Vikuu, pamoja na mkewe na watoto wao, huko Chitangali, upande wa Newala, tangu mwaka 1886 hata mwaka 1897. Twapenda kuwasimulia Wakristo wa Masasi, Newala na Mkunya, na hasa walimu, maisha ya mtu huyo, Padre Cecil Majaliwa, ili ionekane kazi kubwa iliyotendeka katika nyumba ndogo.

Majaliwa alizaliwa Myao. Alipokuwa mtoto alitekwa, akauzwa, akafikishwa Unguja hali ni mtumwa. Watoto wengi wa bara walipitishwa njia hiyo siku zile. Misafara ilishuka kutoka nchi za Ziwa Nyasa mpaka Kilwa na bandari nyingine za kusini, watu wamefungwa shingo kwa miti, na waliosalia hai wakapakiwa majahazini. Mtoto aliyepita njia ile alipoteza vitu vyote kwa mara moja: baba na mama, lugha ya nyumbani, jina lake, na mlango ambao aliweza kuuita wa kwao. Tukumbuke neno hili, kwa maana maisha ya Majaliwa yaliyofuata yalikuwa maisha ya mtu aliyenyang'anywa nyumba, kisha akawajengea wengine.

Mungu akamtoa utumwani, akalelewa na Misheni. Kazi hiyo ya kulea mateka ilianza Unguja mwaka 1864, Sultani alipowapa Askofu Tozer na Padre Steere watoto watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wa watoto wale watano, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879, akawa Mwafrika wa kwanza wa Misheni hii kupata daraja hiyo. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa, na Steere, ambaye mwaka uliofuata alifanywa Askofu, akajenga kanisa la Mkunazini mahali pale pale watu walipokuwa wakiuzwa. Katika ulimwengu huo Majaliwa akakua. Akasoma Kiungani, akajifunza, kisha akafundisha wengine. Akamwoa Lucy, binti wa Misheni kama yeye, na wote wawili wakaanza nyumba pasipo wazee wa kuwasimamia wala mashamba ya kurithi, ila imani yao na kazi yao.

Sasa inafaa tutazame nchi ambayo walikuwa wakiandaliwa kuijia. Mwaka 1876 Askofu Steere aliondoka Unguja akaja Lindi pamoja na kikosi cha watu waliowekwa huru, waume kwa wake, ili awarudishe katika nchi walikotoka, karibu na Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi wakaona maji na ardhi njema, na wengine wakatambua kwamba wamekaribia kwao. Basi wakaomba wakae pale pale. Wakakata miti, wakajenga vibanda, wakalima, na hivyo kijiji cha Kikristo kikaanza chini ya majabali ya Masasi. Mwaka uliofuata akafika Padre Chauncy Maples, akakitunza kijiji kile kwa bidii nyingi.

Lakini mwaka 1882 mambo yaliharibika. Mwezi wa Agosti Askofu Steere akafariki Unguja, na mwezi wa Septemba Wangoni, ambao watu wa huku waliwaita Magwangwara, wakaishambulia Masasi. Nyumba zikachomwa, watu wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka mara ya pili katika maisha yao. Waliosalia wakatawanyika. Maples akahamia Newala kwa sultani Matola, Myao aliyekuwa rafiki wa Misheni, maana huko juu ya uwanda wa Makonde, penye vichaka vizito, adui hawezi kupita kwa urahisi. Wazee walioishi siku zile walijua kwamba usalama wa uwanda ule ulikuwa na bei yake, kwa sababu juu hakuna mito, na akina mama walishuka bondeni na kupanda tena na mitungi kichwani kila siku.

Hata mwaka 1886 Askofu Smythies, aliyemfuata Steere, akampa Majaliwa daraja ya ushemasi, na mwaka huo huo akamtuma Chitangali, kwa sultani Nakaam, Myao mwenye watu wengi na sauti kubwa katika nchi. Hakutumwa kuwa msaidizi wa Mzungu. Alitumwa kuanzisha mtaa na kuuongoza yeye mwenyewe. Basi Cecil na Lucy wakavuka bahari kutoka Unguja, wakaingia bara kwa miguu kama watu wote, wakafika mahali pasipokuwa na kanisa wala shule wala nyumba ya mwalimu.

Katika mitaa ya bara ya siku zile, nyumba zilikuwa za miti na udongo na nyasi. Watoto wetu wa leo wamezoea bati na saruji, na wengi hawajui tena jinsi kazi ile ilivyofanyika, kwa hiyo tuieleze. Kwanza watu huenda mwituni kutafuta nguzo za miti migumu ambayo mchwa hailiwezi upesi. Mashimo huchimbwa, nguzo husimamishwa, na fito hufungwa kwa kamba za magome, ndani na nje, hata ukuta uwe kama tenga kubwa. Ndipo udongo huchimbwa, na ule wa kichuguu ndio bora, hutiwa maji na kukanyagwa kwa miguu mpaka ulainike, kisha hushindiliwa kati ya fito na kukandikwa kwa mikono. Wengine hufyatua matofali ya udongo na kuyaanika juani, wakajenga nayo bila kuyachoma. Mwisho paa huezekwa kwa nyasi zilizokatwa wakati wa kiangazi, na zikikatwa mapema au zikichelewa, mvua ya kwanza itamfundisha mwenye nyumba kosa lake.

Nyumba ya namna hii ina sifa mbili ambazo twataka msomaji azishike. Ya kwanza ni kwamba mtu mmoja hawezi kuijenga. Sharti waje watu: wa kukata, wa kubeba, wa kuchota maji, wa kukanyaga udongo, wa kuezeka. Mgeni ajengaye hapati nyumba kabla hajapata majirani. Ya pili ni kwamba haidumu peke yake. Kila mwaka mvua huimomonyoa, mchwa hupanda nguzoni, nyasi huoza, na mwenyewe sharti ainuke akaitengeneze. Jengo la mawe laweza kukaa miaka mingi bila mtu ndani yake. Nyumba ya udongo ikikosa watu huanguka.

Kwa sifa hizo mbili twaweza kueleza kazi yote ya Majaliwa. Hakuwa na fedha nyingi, wala manowari nyuma yake, wala serikali, kwa maana mwaka 1886 utawala wa Wajerumani ulikuwa bado haujafika huku bara. Alikaa katikati ya watu, akiwategemea kama walivyomtegemea. Alihitaji chakula kilichotoka katika udongo ule ule waliolima wao, na maji yaliyochotwa katika visima vile vile. Tena alikuwa Myao kati ya Wayao. Walipomtazama waliona mtu ambaye angeweza kuwa mtoto wa ndugu yao aliyepotea zamani, naye amerudi, si mtumwa tena, ana elimu, ana mke, na ana neno la kuwaambia.

Jambo la mke lilikuwa kubwa kuliko tunavyodhani leo. Wamisheni wa Kizungu wa Misheni hii walikuwa watu wasiooa, waliojitoa kwa kazi ya Mungu peke yake. Nadhiri yao ilikuwa njema, nasi twawashukuru. Walakini padre asiye na mke hawezi kuonyesha kwa maisha yake mwenyewe ndoa ya Kikristo ni kitu gani. Katika nchi ambayo mkubwa alitambuliwa kwa wingi wa wake zake, watu wa Chitangali waliletewa nyumba ya mume mmoja na mke mmoja, wote wasomaji, wakilea watoto pamoja. Mafundisho ya ndoa waliyoyasikia kanisani waliweza kuyapima kwa macho, wakati wa jua na wakati wa mvua, katika afya na katika homa. Wahenga wametufundisha kwamba uzuri wa nyumba hauonekani mlangoni, sharti mtu aingie ndani. Nyumba ya mtumishi wa Mungu kijijini haina mlango wa kufungwa mchana, kila mtu huingia.

Kwa hiyo twasema wazi kwamba Lucy alikuwa nguzo ya kazi ile. Vitabu vya zamani humtaja mume mara nyingi na mke mara chache, lakini kila mwalimu na kila mke wa mwalimu ajuaye maisha ya kijijini anafahamu jinsi mzigo unavyogawanywa. Wageni wa mtaa hula kwa mke wa mtumishi. Mama mwenye mtoto mgonjwa humwendea yeye kwanza. Wasichana hujifunza kwake mambo ambayo mwanamume hawezi kuwafundisha. Kama Chitangali ulisitawi, ulisitawi kwa mikono minne.

Nao ulisitawi kweli. Nakaam akasikiliza, akafundishwa, akabatizwa, akaitwa Barnaba. Siku zile masultani wengi wa Kiyao walikuwa wakivutwa na desturi na dini ya pwani, iliyowajia pamoja na njia za misafara, na kwa hiyo uamuzi wa mtu mkubwa kama yeye kuingia katika Kanisa ulishangaza nchi nzima. Watu wake wengi wakamfuata. Shule ikajaa, wasikizi wakaongezeka, na mtaa wa Chitangali ukahesabiwa miongoni mwa mitaa iliyositawi kupita mingine katika nchi yote ya Ruvuma. Basi mwaka 1890 Cecil Majaliwa akapewa upadre, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa Misheni hii. Yule mtoto aliyeuzwa kama kitu sasa akasimama madhabahuni akiwapa wengine Ushirika Mtakatifu, kisha akarudi Chitangali kuendelea na kazi yake.

Wala tusidhani kwamba miaka hiyo ilikuwa ya utulivu. Hofu ya Magwangwara haikwisha mwaka 1882. Usiku mwingi watu walilala wakisikiliza. Mwaka 1888 watu wa pwani wakapigana na Wajerumani, na bandari za kusini, Kilwa na Lindi na Mikindani, zikachafuka, hata njia ya kwenda Unguja ikawa ya hatari. Kisha dola ya Kijerumani ikaingia na maboma yake na kodi zake. Katika mabadiliko hayo yote mtaa haukuachwa ukiwa.

Lakini ilikuwako shida nyingine, ya kimya, ambayo haikuletwa na adui. Padre wa Chitangali alikuwa peke yake. Mapadre wengine wa nchi ya Ruvuma walikuwa Wazungu, tena walikaa mbali. Hapakuwa na mwenzake wa kabila lake mwenye daraja kama yake wa kushauriana naye jioni. Barua kutoka Unguja zilichukua muda mrefu njiani. Tena watoto wake walikuwa wakikua. Shule ya kijijini ilitosha kumfundisha mtoto kusoma na kuandika na kujua imani, lakini elimu ya juu ilikuwa Unguja. Mzazi aliyesoma Kiungani akawatazama wanawe, akaona kwamba wakibaki hapo watapata kidogo kuliko alichopata yeye aliyekuwa mtumwa. Ni uchungu ambao kila mwalimu aliyewahi kutumwa mbali na mji anaujua.

Mwaka 1897 Padre Cecil akaondoka Chitangali, akarudi Unguja na jamaa yake. Upweke na elimu ya watoto zilikuwa miongoni mwa sababu zake. Mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, Sultani wa Unguja akatoa amri ya kuondoa hali ya utumwa katika sheria. Hivyo yule aliyeingizwa kisiwani zamani kama mtumwa akakirudia kisiwa katika mwaka ambao sheria ilikoma kumtambua mtu yeyote kuwa mali ya mwenzake.

Miaka 11 alikuwa amekaa Chitangali. Tukiuliza ni kitu gani kilichopotea alipoondoka, jibu halifurahishi. Kwa miaka ile Kanisa lilikuwa limeonyeshwa kwamba mtaa waweza kuanzishwa na kukuzwa na padre Mwafrika, kwa gharama ndogo, katika nyumba kama za jirani zake. Alipokwenda zake, ilichukua muda mrefu kabla Waafrika hawajapewa tena kuongoza mitaa kwa uhuru kama ule. Mapadre wa Kiafrika waliongezeka, lakini wengi waliwekwa chini ya usimamizi wa Wazungu. Dayosisi ya Masasi iliundwa mwaka 1926, Askofu Vincent Lucas akiwa wa kwanza, na ilikuwa mwaka 1968 ndipo Mwafrika, Askofu Hilary Chisonga, alipokalia kiti cha Masasi baada ya Askofu Trevor Huddleston. Tangu upadre wa Majaliwa hata siku hiyo ni miaka 78. Hatusemi haya kwa kumhukumu mtu aliyekwisha lala. Twasema kwa kuwa Yubile isiyohesabu hasara zake haihesabu vema faida zake.

Na faida ilikuwako, kwa maana kazi ya Chitangali haikuanguka pamoja na udongo wa nyumba. Mwaka 1905 vita ya Maji Maji ikaifikia nchi yetu. Masasi ikachomwa moto, wamisheni wakakimbilia Lindi kuokoa maisha yao. Katika saa hiyo Barnaba Nakaam hakuyapokea maji wala hakujiunga na vita, akasimama upande wa Misheni. Twajua kwamba wengi waliopigana walipigana kwa sababu ya dhuluma ya kweli, kodi na kazi za lazima, na hatuwatukani. Twataka kusema hili tu: imani ya sultani yule ilipojaribiwa, ilionekana kuwa na mizizi, na aliyeipanda alikuwa amekwisha ondoka miaka minane.

Tena vita kuu ilipoanza mwaka 1914, wamisheni wa Kiingereza wakafungwa na Wajerumani, nao mapadre na walimu wa Kiafrika wakaachiwa Kanisa lote la nchi hii. Majeshi yalipita huku na huku, chakula kikachukuliwa, vijana wakatwaliwa kuwa wapagazi, mpaka Novemba 1917 jeshi la Wajerumani likavuka Mto Ruvuma na kutoka katika nchi. Katika miaka ile ya njaa na hofu sala hazikukoma. Waliozishika walikuwa watu wa nyumba za udongo, kama Majaliwa alivyokuwa.

Sasa wasomaji wetu huenda watauliza: twende tukaitafute nyumba ile, tuweke jiwe la ukumbusho? Jiwe ni jambo jema. Lakini udongo wa Chitangali umekwisha kurudi udongoni, mvua nyingi zimepita juu yake, na mtu aweza kulima mahali pale asijue kwamba padre aliwahi kulala hapo. Ukumbusho unaofaa zaidi ni kutazama nyumba zilizopo. Katika kila mtaa, toka Mkunya hata mwisho wa dayosisi, iko nyumba ya padre, au ya mwinjilisti, au ya mwalimu. Je, ni nani aliyeikandika mara ya mwisho? Paa lake lavuja? Mke wa mtumishi yule ana mtu wa kumsaidia wageni wanapojaa? Watoto wake wanasoma wapi, na nani anayelipa? Mtaa unaompenda padre wake siku ya Jumapili, ukamwacha peke yake siku sita, umekwisha kuanza kumpoteza.

Walimu wapenzi, nanyi tunawaomba neno. Wafundisheni watoto jina la Cecil Majaliwa na jina la Lucy, kama mnavyowafundisha majina ya Steere, Maples na Smythies. Waambieni kwamba mtu wa kabila lao, aliyeuzwa akiwa mtoto, alirudi bara na mkewe, wakakaa kati ya watu, wakafundisha, wakabatiza, wakalea. Waambieni pia kwamba aliondoka akiwa na huzuni ya mzazi, ili wao watakapokuwa wazee wa Kanisa wasimwache mtumishi mwingine aondoke kwa sababu ile ile. Maana nyumba ya udongo yadai watu kila mwaka, na kazi ya kuitengeneza, sasa ni zamu yetu.